Nani Atajibu Swali la Kumi?

Mwaka 2010 watafiti wa Muhimbili, Sylvia Kaaya na wenzake, walichapisha matokeo ambayo kama yangehusu malaria yangeitishiwa kikao cha dharura. Waliwahoji wajawazito 787 waliokuwa wakihudhuria kliniki jijini Dar es Salaam, wakakuta asilimia 39.5 wana dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Ni karibu wanne katika kila kumi. Miaka mitano baadaye utafiti mwingine, huu wa Mwanza, ukakuta kama theluthi moja. Tangu hapo serikali zimebadilika, kadi za kliniki zimechapishwa upya, majengo ya zahanati yameongezeka, na mjamzito bado hupanda mizani, hufungwa mkanda wa presha, hutoa mkojo na damu, kisha hurudi nyumbani bila mtu kumuuliza kama usiku analala.

Namba hizo zisomwe kwa uangalifu, maana ni rahisi kuzikuza. Dodoso la dalili si uchunguzi wa daktari wa akili. Ni wavu wenye matundu madogo, unaleta papa na dagaa pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwa tahadhari zaidi: duniani kote asilimia 10 hivi ya wajawazito hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea ni asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na 19.8 baada ya kujifungua. Basi tuiache ile asilimia 39 ya Dar es Salaam, tuchukue hii ndogo. Kwenye benchi lenye wajawazito ishirini, watatu wanaumwa. Ile presha hatari inayoelekea kwenye kifafa cha mimba huwapata wachache kuliko hao, na hakuna muuguzi anayethubutu kumwacha mjamzito aondoke bila kupimwa presha.

Kwangu asilimia si kitu kikubwa kuliko mambo yaliyofungamana nayo. Katika utafiti wa Dar es Salaam waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliowahi kupata sonona huko nyuma, wale wasioridhika na uwezo wao wa kupata mahitaji ya msingi, na wale wenye ugomvi na mwenza. Kule Mwanza sura ni ileile: hofu ya mimba yenyewe, uhusiano na mwenza, hali ya kipato. Lakini Dar es Salaam kulikuwa na jambo la nne ambalo sijaona likijadiliwa: wanawake walioanza kliniki mapema ndio walioonekana kuwa na dalili zaidi. Tunapiga kelele kila mwaka kwamba wajawazito wanachelewa. Huyu hapa aliyewahi, na huenda aliwahi kwa sababu kuna kitu kinamsumbua na hajui pa kukipeleka. Hiyo ni tafsiri yangu, watafiti hawakuisema hivyo, ila siioni kuwa ya mbali. Mtu amekuja mwenyewe hadi mlangoni, akapewa FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, na tarehe ya kurudi.

Hoja yangu ina pande mbili na sitaki moja imeze nyingine. Kliniki ya wajawazito iulize habari za moyo kama inavyouliza habari za mkojo. Ila ikiuliza ikiwa jinsi ilivyo leo, itapewa majibu ya uongo, na itakuwa imeyastahili.

Nyumbani, kwa upande wao, hawakosi maelezo. Mjamzito akichukia hata harufu ya shati la mumewe, husemwa mimba imemkataa mume. Akishinda kitandani, mimba ya uvivu hiyo, na wapo watakaokutajia kabisa kwamba ni ya mtoto wa kiume. Akilia pasipo sababu inayoonekana, anadeka. Sitaki kuyabeza maelezo haya. Yamewapa wanawake likizo ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuwapa kwa njia nyingine. Ile mimba kumkataa mume imewaepusha wengi na vitanda walivyokuwa wamevichoka. Na pwani, desturi ya binti wa mimba ya kwanza kurudi kwa mama yake miezi ikikaribia ilikuwa na akili kubwa ndani yake: ilimtoa kwenye nyumba ya watu ikamweka pale anapoweza kulia bila kuhojiwa. Shida ya maelezo ya nyumbani ni kwamba hayana muda wa mwisho. Mimba imemkataa mume wiki moja, wiki ya sita bado imemkataa, na hakuna anayerudi kutazama kama mwenye mimba naye kaikataa dunia. Sikuhizi mama mwenyewe yuko Songea, binti amepanga chumba Mbagala, na nauli ni mtihani.

Sonona si huzuni ya siku mbili. Wataalamu hutazama wiki mbili mfululizo: furaha imekauka hata kwa vitu alivyovipenda, anajilaumu kwa mambo yasiyo yake, akili haitulii kwenye jambo moja, mbele haoni kitu. Wapo wasionunua nguo za mtoto kwa kuogopa kijicho, na hilo tunalielewa. Huyu hanunui kwa sababu haamini kwamba siku hiyo itafika. Wasiwasi nao una sura yake. Moyo unaenda mbio, kifua kinabana, pumzi fupi, usingizi unakatika saa nane za usiku na haurudi. Aliyewahi kupoteza mtoto anakesha akihesabu mateke. Halafu tuna ule msemo wa kwamba mjamzito mguu mmoja uko kaburini. Watu wazima huutumia kwa heshima, kumtaka mume awe mpole. Binti wa miaka 19 mwenye mimba ya kwanza anausikia kama hukumu. Anakwenda kliniki na mapigo ya moyo, anapimwa presha, presha iko sawa, anaambiwa uko sawa mama, nenda.

Ugumu mmoja ni wa kitaalamu kweli, na wauguzi wanaousema hawatafuti kisingizio. Uchovu, kukosa hamu ya kula na kulala vibaya ni dalili za sonona, na pia ni mimba tu. Upungufu wa damu humfanya mtu ajiburute vilevile. Ndiyo maana mwaka 1987 John Cox na wenzake wawili huko Uingereza walitengeneza dodoso la maswali kumi, linalojulikana kwa jina la Edinburgh, wakaacha kwa makusudi habari za uchovu na hamu ya chakula. Lilitungwa kwa ajili ya waliojifungua, baadaye likatumika kwa wajawazito pia. Linauliza juu ya siku saba zilizopita: umeweza kucheka, umekuwa ukitazamia mambo kwa furaha, umejilaumu bila sababu, umeshikwa na hofu ya ghafla. Swali la kumi linauliza kama wazo la kujidhuru limekujia. Kulijaza lote ni dakika tano, muda mfupi kuliko wa kusubiri choo kipatikane cha kutolea mkojo wa kupima.

Dakika tano basi zinashindikana vipi? Jibu la haraka ni foleni, na foleni ni ya kweli. Muuguzi mmoja, wajawazito arobaini, rejista zisizoisha. Ila nadhani sababu iliyo chini zaidi ni kwamba tunajua majibu yatakuwaje. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2013 ulihoji wanawake 1,180. Asilimia 27 walikuwa wamepigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenza katika mimba hiyohiyo waliyokuwa nayo. Waliofanyiwa hivyo ndio waliokuwa na sonona na wasiwasi zaidi. Ukimuuliza mjamzito usiku analalaje, kuna uwezekano mkubwa akakwambia analala na nani. Hapo muuguzi hana kidonge dirishani.

Na utaratibu wetu unasema aje na huyohuyo. Njoo na mwenza wako, mpimwe pamoja. Nia ilikuwa njema: wanaume wapimwe VVU, wasikie dalili za hatari, waache kudhani mimba ni shughuli ya kike. Kwa mwanamke mwenye mume mwema ni faraja. Kwa yule aliyekimbiwa mimba ilipotajwa, ni safari ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua ya kueleza kwamba hana mwanamume wa kuja naye. Fikiria barua hiyo inavyoombwa. Kuna watu kwenye ile ofisi, kuna mjumbe, kuna jirani aliyekuja kulalamikia mfereji, na binti anaeleza aibu yake mbele yao ili aruhusiwe kupima wingi wa damu. Wizara haijawahi kuagiza kwamba asiye na mwenza arudishwe, na vituo vingine vinampokea vizuri. Vingine barua isipokuwepo, hasikilizwi mpaka mwisho wa foleni. Halafu kituo hicho kimuulize kama anahisi ana thamani?

Yapo na mengine. Huduma kwa wajawazito ni bure kisera, ila kufikia mwezi wa nane anakuwa ameshapewa orodha: glovu, pamba, mpira wa kutandika, nyembe, uzi, kanga safi. Kwa anayeuza maandazi hiyo ni hesabu ya kumkosesha usingizi, tena ya haki kabisa, haihitaji ugonjwa wowote. Na kuna ule ukali wa chumba cha kujifungulia ambao kila mtaa una simulizi zake: kukaripiwa, kudhihakiwa kwa kulia, kuambiwa ulipokuwa unaitafuta hukulia hivi. Wahudumu wengi si hivyo, na wale walio hivyo mara nyingi wamechoka kupita kiasi. Lakini mjamzito hapewi wastani; anapewa simulizi ya dada yake. Hofu ya leba ni hofu ya uchungu na kifo, na kwetu ni hofu ya kutukanwa pia. Ikiwa tunataka kupunguza wasiwasi wa wajawazito, sehemu yake moja iko mikononi mwetu na haihitaji dawa.

Binti wa shule simwachi nje ya habari hii. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 22 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito. Kwa miaka mingi mimba ilimaanisha mwisho wa shule, na Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba chini ya utawala wake hakuna mwenye mtoto atakayerudi darasani. Novemba 2021 serikali ikabadili msimamo. Ni jambo jema, tena lilichelewa. Hata hivyo ruhusa ya kurudi shule haifuti miezi tisa ya kufichwa chumba cha uani, na huyu ndiye anayekuja kliniki akiwa na wiki 28, kichwa chini, akijibu kila swali kwa "ndiyo" ya kunong'ona.

Pingamizi kubwa dhidi ya kuuliza ni hili: utamuuliza mtu kisha utampeleka wapi, wakati madaktari wa akili nchini ni wachache mno? Kuchokonoa kidonda usichoweza kukifunga ni ukatili. Ni pingamizi la heshima, na tulishalisikia. Upimaji wa VVU ulipokuwa unaingizwa kliniki za wajawazito mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilitolewa karibu neno kwa neno: wauguzi hawatoshi, wanawake watakimbia kliniki, kumwambia mjamzito kwamba ana ugonjwa usio na tiba ni kumuua kabla ya siku zake. Upimaji ukaendelea, dawa zikaja, na mwaka 2013 Tanzania ikaanza utaratibu wa kumwanzishia kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha bila kusubiri kinga ishuke. Kama tungesubiri madaktari bingwa watoshe, tungekuwa bado tunasubiri.

Kwa sonona tuna bahati zaidi, maana sehemu kubwa ya tiba ni mazungumzo yenye mpangilio, na mazungumzo hayo hayahitaji daktari. Ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine unatoka vijijini karibu na Rawalpindi, Pakistani. Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake waliomaliza sekondari tu, namna ya kuzungumza na wajawazito wenye sonona: kila wiki katika mwezi wa mwisho wa mimba, mara tatu mwezi wa kwanza baada ya kujifungua, kisha mara moja kwa mwezi kwa miezi tisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mtoto alipofikisha miezi sita, asilimia 23 ya waliotembelewa hivyo walikuwa bado wana sonona. Kwa waliotembelewa kwa namna ya kawaida ilikuwa asilimia 53. Watoto wao waliharisha mara chache na wengi zaidi walikamilisha chanjo. Uzito na urefu wa watoto haukutofautiana, na nalitaja hili kwa sababu wapenzi wa miradi hulisahau. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo kwa nchi nyingine.

Karibu zaidi na sisi, hospitali ya uzazi ya Mowbray huko Cape Town ilianza mwaka 2002 jambo ambalo uzuri wake uko kwenye mpangilio wa vyumba: mjamzito akionekana kuwa na dalili, mshauri yuko humohumo, siku ileile ya kliniki. Hapewi karatasi ya rufaa kwenda jengo lenye kibao cha "magonjwa ya akili" ambako angeonwa na shangazi wa mumewe. Kwetu kumpeleka mtu Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, ni maneno ya kutishia watoto, na siwezi kumlaumu anayeikunja karatasi ya rufaa akaitia kwenye pochi.

Wahudumu wa kufanya kazi hii hatuwatafuti angani. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 watakaopatikana kwa awamu. Watapita nyumba kwa nyumba wakiuliza juu ya kikohozi, vyandarua, chanjo na lishe. Kuwafundisha mazungumzo kama yale ya Rawalpindi sasa, wakati mitaala yao bado haijakomaa, ni rahisi kuliko kuwaongezea baadaye kama mzigo wa mradi wa wafadhili. Naogopa kwamba tutafanya hilo la pili.

Kuhusu dawa nitasema machache. Kwa sonona kali mazungumzo peke yake hayatoshi, na dawa kama amitriptilini na fluoksetini zimo katika orodha yetu ya dawa muhimu. Kuzitumia katika ujauzito ni uamuzi wa mizani kati ya mgonjwa na daktari: dawa ina hatari zake, na sonona isiyotibiwa inazo zake, ikiwemo kujifungua kabla ya siku, mtoto mwenye uzito mdogo, na mama kuacha kliniki. Kinachotokea mitaani ni kwamba mwanamke aliyekuwa kwenye dawa anagundua ana mimba na kuziacha siku hiyohiyo, mara nyingi kwa ushauri wa mtu wa duka la dawa. Hiyo ni njia ya kuanguka vibaya. Kuna tofauti moja ambayo kila anayetumia dawa za akili au kifafa anapaswa kuelezwa kabla hata ya mimba: valproeti inaweza kumdhuru sana mtoto tumboni, na mwanamke anayeitumia amwone daktari mapema, asiikatishe mwenyewe.

Tumebaki na lile swali la kumi.

Tangu mwaka 2012 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kifo cha mjamzito aliyejiua kihesabiwe miongoni mwa vifo vitokanavyo na uzazi moja kwa moja, pamoja na kutokwa damu na kifafa cha mimba. Uingereza, ambako kila kifo cha mzazi huchunguzwa kwa undani, kujiua kumekuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wanawake ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Sisi tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia, kushusha vifo vya uzazi kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika takwimu za 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Kwa kuvuja damu tumejipanga. Kuna hata m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na wazazi. Lakini mjamzito aliyekunywa sumu, habari yake inaanzia polisi.

Inaanzia huko kwa sababu ya sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Tuliirithi kutoka kwa Waingereza, ambao wao wenyewe waliiacha mwaka 1961, mwaka uleule tuliopata uhuru. Mwanasheria atakwambia kwamba kuwaza si kosa, kujaribu ndiko kosa, na hivyo mjamzito anaweza kujibu swali la kumi bila woga. Sawa. Nani atampa somo hilo binti wa wiki 28, aliyesimama mbele ya mtu mwenye sare na rejista, saa chache baada ya kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa? Na aliyejaribu kweli mwezi uliopita, akanusurika na mimba yake, ajibu nini? Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta tangu swali la kwanza, na sheria imemfundisha kunyamaza.

Kenya walikuwa na kifungu pacha, cha 226. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Hapa kwetu hatuhitaji hata kusubiri kesi. Bunge hupitisha marekebisho ya sheria mbalimbali mara kwa mara, muswada mmoja ukigusa sheria nyingi, na kifungu cha mstari mmoja cha kulifuta kosa hilo kinaingia humo bila kuhitaji bajeti, jengo wala mfadhili.